Mshenga wa Jikoni

Mjomba wangu, ambaye sasa anaishi Arlington, Marekani, aliwahi kupika kwenye kambi ya jeshi la Marekani ng'ambo. Alikuwa ameajiriwa na mkandarasi wa kigeni, aliyezifungia pasipoti za wapishi wote kabatini. Mkaguzi wa serikali ya Marekani alipokuja, wapishi walifanya kama tufanyavyo kwenye posa: wakamteua mmoja awasemee. Wakamteua mjomba. Haukupita muda wakarudishwa Mombasa, kampuni ikasema hakuna aliyelalamika, na wenzake wakaamini mjomba amewauza. Hata salamu zake wakaacha kuitikia.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mjini Richardson, nikapata kazi kwa wakili wa Houston aliyeishtaki serikali ili itoe kumbukumbu za ukaguzi ule. Kila usiku wa kuamkia mahakama nilijiuliza kama nimesahau kiambatisho, au nimekiweka mara mbili. Kurasa zikaja zimepakwa wino mweusi juu hadi chini. Eti kulinda faragha ya shahidi! Shahidi mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni mwangu, anakunywa chai.

Mjomba akatia sahihi kwamba ameridhia, na jaji akaamuru ukurasa wake ufunuliwe. Nikamsomea: mfanyakazi mmoja alilalamika kuhusu pasipoti, wengine walikaa kimya, walionekana kuridhika.

"Walikaa kimya kwa sababu nilikuwa nasema mimi!" mjomba akafoka. "Kwani mshenga akizungumza, bwana harusi anadakia?"

Nilicheka, kisha hasira ikanipanda. Watu walikuwa wamesimama nyuma ya msemaji wao, na serikali ikawahesabu kuwa wenye furaha. Tena ikauficha huo uongo kwa wino, ikasema inawalinda.

Nilisitasita kuwatumia wenzake picha ya ukurasa. Je, wakimlaumu zaidi? Mjomba akaninyang'anya simu, akaituma mwenyewe.

Jibu la kwanza, la mpishi mmoja, lilikuja kwa sauti: "Kumbe ulisema, bwana. Tusamehe." Kisha akawaka: "Lakini huyo mkaguzi nani kamwambia mimi niliridhika? Mshenzi yule, na wali wangu alikula!"

Mjomba akapangusa macho. "Safari hii simsemei mtu," akamjibu. "Mpwa wangu yuko hapa na kompyuta. Kila mmoja aseme kwa kinywa chake."

Nikaanza kuandika ushahidi wao. Wa kwanza alitaka neno "mshenzi" libaki. Kwa mara ya kwanza sikufikiri mara mbili, nikaliacha.