Minji za Samaki wa Mjomba

Juzi nilimpeleka mamangu kwa daktari wa meno kule Thika. Pale mahali pa kusubiri wameweka tangi la kioo lenye taa ya buluu, kijumba cha plastiki na samaki mmoja wa rangi ya dhahabu aliyekuwa akielea chali, tumbo juu. Dada wa mapokezi alikuwa akimmwagia chakula kama anayetia chumvi kwenye sufuria ya githeri. Nikamwambia huyo samaki ni mgonjwa. "Hapana, hiyo ni kucheza tu," akanijibu, macho yakiwa kwenye simu. Nikarudi kuketi. Watu wa aina hiyo nawajua vizuri, rafiki yangu, maana mkubwa wao ni mjomba wangu.

Mjomba alikuwa wa kwanza kwetu kuhamia Membley, mtaa wa wenye pesa, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kukalia kiti chetu bila kukipanguza kwanza. Sisi tulibaki Gitothua: shosho, ambaye ni mama yake na mama wa mamangu, kisha mama, kisha mimi. Jumapili moja baada ya kanisa akaja na tangi lenye samaki mmoja kwenye buti ya gari. Mkewe alikuwa amenunua viti vipya na tangi halikupatana navyo, lakini hilo tulikuja kulisikia baadaye. Yeye alisema ameleta kitu cha kuwafungua watoto macho. Mtoto aliyekuwepo nilikuwa mimi peke yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, na macho yangu yalikuwa yamefunguka kitambo.

Alituachia amri. Kila Jumamosi maji yote yamwagwe, mawe na kioo visuguliwe kwa sabuni ya unga mpaka ving'are, halafu tangi lijazwe maji mapya ya mfereji. "Samaki ni usafi," alisema. "Nyinyi huku mmezoea uchafu." Huyo ni mtu ambaye sijawahi kumwona akiosha hata kikombe chake mwenyewe. Nami kwa ujinga wangu nikasugua. Maji ya mfereji yalitufikia siku mbili kwa wiki, yakinuka dawa hadi chai inabadilika ladha, na hayo ndiyo niliyokuwa nikimpa kiumbe anayeyapumua.

Shosho naye alikuwa na kosa lake, ingawa lake lilikuwa la upendo. Katika nyumba yake hakuna aliyekula huku mwingine akitazama, na samaki alikuwa akitazama, tena bila kupepesa. Basi kila mgeni aliyepewa chai alihimizwa ammegee. Samaki yule alikula chapati, ngwaci, vile viazi vitamu, mkate na hata mukimo. Wanawake wa kanisa walipokutana kwetu, kumi na wawili walimlisha mmoja baada ya mwingine wakimwombea baraka.

Wiki moja baadaye tumbo lake lilivimba kama andazi. Akaanza kuegemea ubavu, kisha akageuka chali, akawa anapiga mapezi bila kwenda popote. Nililia siku hiyo. Sikuwa na ndugu wala paka, na huyo samaki ndiye aliyekuwa akija kwenye kioo nikitoka shule. Jirani yetu, mama aliyeuza mitumba sokoni Mwiki na ambaye hakukosa neno juu ya lolote, alichungulia akasema tumkaange mapema kabla hajaharibika.

Nilimwendea mwalimu wetu wa sayansi. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, na kabla ya ualimu alikuwa amefanya kazi kwenye mabwawa ya samaki karibu na Thika. Alicheka kwanza. "Huko kwetu samaki tunakula, hatumtibu," akasema. Kisha akanieleza polepole, nami nikaandika nyuma ya daftari. Maji yasibadilishwe yote, robo tu kwa wiki. Yalale kwenye ndoo wazi siku nzima ili ile dawa iondoke. Mawe yasuuzwe kwa maji yale yale ya tangi, sabuni isiguse kitu, kwa sababu ule utelezi tunaouita uchafu ndio unaomsafishia samaki maji. Na mgonjwa mwenyewe asile chochote siku tatu, halafu apewe minji moja, yaani njegere, iliyochemshwa na kumenywa ngozi.

Mambo ya ndoo yalikuwa rahisi. Njaa ndiyo iliyotushinda. Asubuhi ya kwanza nilikuta vipande vya ugali vikielea. "Kwa hii nyumba hakuna mtu hulala njaa," shosho akaniambia, bila hata kuona haya. Nilimsomea daftari, nikamsomea tena. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Basi ikiwa ni kufunga, tutafunga na yeye." Na akafunga kweli, mama mzima wa kanisa, siku tatu kwa maji matupu mpaka jioni, kwa ajili ya samaki. Jirani alicheka hadi akaketi. Mimi pia nilicheka, na sasa ninapokumbuka ndipo naona ni nani alistahili kuchekwa.

Siku ya nne shosho alichemsha minji, akachagua moja laini, akaimenya kwa kucha na kuiponda. Samaki aliimeza vipande vipande. Kesho yake jioni alikuwa amesimama wima, anakuja kwenye kioo. Shosho alipika minji zilizobaki na viazi na karoti, na sijawahi kula tena chakula kitamu hivyo.

Tangu hapo maji yalilala kwenye ndoo kando ya mlango wa jikoni. Robo niliyoitoa ilikwenda kwenye sukuma wiki. Kioo kilikuwa na ukijani kidogo na mjomba kila akija alikunja pua, lakini samaki alinenepa, akang'aa. Miezi ikapita hivyo, hadi Jumapili moja mjomba alipomtazama kwa muda mrefu. "Huyu sasa amekuwa mzuri," akasema. "Nitarudi na yeye. Wakubwa wa kazini wanakuja lunch." Hakuna aliyembishia. Mjomba hakuwa akibishiwa.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Akatoa kitambaa, akaanza kufuta ukijani wa kioo. "Kwani mmekuwa mkimfanyia nini?" akaniuliza. Nilijua jibu lote, hata ukurasa wa daftari. Nikamtazama anavyofuta, moyo umejaa dharau.

"Ni vile ulituambia, anko," nikasema. "Tunaosha tu na sabuni." Akatabasamu.

Jumapili iliyofuata alikuja mikono mitupu. Samaki alikufa kabla wageni hawajafika, na kosa, alisema, lilikuwa letu, tulimpa mgonjwa. Alipoondoka, shosho aliniuliza tukiosha vyombo, "Ulimwambia vile maji inalala kwa ndoo?"

"Nilimwambia, shosho."

Akatikisa kichwa. "Basi ni yeye hasikii."

Na hapo ndipo nilipomharibia mwanawe. Shosho, ambaye alikuwa akimtetea mjomba kwa kila kitu, aliacha kumtetea. Kila alipokosana naye, juu ya shamba, juu ya dawa zake za presha, alisema mtoto wake ni wa kuambiwa na hasikii, hata samaki tulimwambia. Mjomba alidhani mama yake amezeeka tu. Mimi nilikuwepo nikisikiliza, miaka yote hiyo, na nilikula chakula cha shosho nikanyamaza.

Ile nyumba ya Gitothua iliuzwa, sasa pale kuna gorofa tano na kamba za nguo. Mwalimu alirudi kwao. Sukuma wiki, jiko la makaa, wanawake kumi na wawili na chai yao, vyote vimekwisha. Mjomba yuko, amestaafu, anajua kila kitu kama zamani, na bado namdharau kwa makosa mengi ambayo ni yake halali. Lile moja la samaki halikuwa lake. Aliyepaswa kuambiwa hivyo tulimzika, na aliondoka akiamini kwamba mimi ndiye niliyesema kweli.