Eda Iliyosomwa Mahakamani

Baba mkubwa alipofariki aliacha nyumba mtaa wa Rusimbi, hapa Ujiji, na mjane aliyevuka ziwa kutoka Kongo miaka ile ya vita. Msiba haujapoa, baba mdogo akaitaka nyumba. Ndoa ilifungwa ng'ambo, mashahidi wake vita iliwatawanya, basi baba mdogo akapata pa kushika. Nyumbani mjane yule tulimwita shemeji, mkwe, mama mkubwa. Mbele ya mahakama ya mwanzo akawa mkimbizi aliyehifadhiwa tu, apelekwe kambini.

Bibi, mama wa marehemu na baba mdogo, alipanda kizimbani akasema hamjui kama mke wa mwanawe. Mzee mmoja wa baraza akamuuliza kama msiba ule ulifanywa kwa taratibu. Bibi yangu usimguse kwenye ustaarabu.

"Mimi si mtu wa kuzika ovyo! Yule nimemkalisha eda mwenyewe, nikampikia, na ilipoisha nikamwogesha nikamtoa!"

Baba mdogo alimkodolea macho, lakini ikapita. Tukashinda. Mjane akakata rufaa mahakama ya wilaya.

Siku ya rufaa tulikwenda tumevaa, na mashahidi tumeongeza wengine kutoka mtaa wa Kasingirima. Hakuna aliyeulizwa kitu. Kumbe rufaa husoma yaliyokwisha kusemwa. Hukumu ilipotoka, hakimu alisoma maneno ya bibi neno kwa neno, bila kupandisha sauti, kisha akasema eda hukaliwa na mjane, hakalishwi mgeni aliyehifadhiwa tu. Hukumu ya kwanza ikatenguliwa. Asitolewe ndani ya nyumba ile, mirathi igawanywe naye akiwemo.

Nilitamani ardhi inimeze. Kushindwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba katika ukoo mzima ukweli ulitoka mara moja tu, tena kwa majivuno. Watu wa Ujiji tunajisifu kwa kukaribisha wageni; siku ile nilichukia hata kusikia tukitajwa.

Nje, mjane alimfuata bibi, akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Chumba yako iko, nimeshafagia. Utarudi lini?"

Bibi alikuwa akiishi katika chumba hicho cha nyumba ya Rusimbi kabla baba mdogo hajamhamishia kwake kwa ajili ya kesi. Akajifunika mtandio usoni. Hakuitika marahaba. Akamgeukia mwanawe, kama anayeomba ruhusa, na baba mdogo akamshika mkono wakaondoka. Mimi nikawafuata. Mwanamke yule tulimwacha bado amepiga goti.