Hamdan na anwani ya zamani

"Bi Mwanabaraka, weye ndiye uliyenifungia mashine," Hamdan alinilalamikia mlangoni, funguo za pikipiki zikimcheza mkononi. "Chumba cha barafu kimezimika, na habari napewa na Laila!"

"Mie nashika ufunguo tu. Ulikuja lini kuuomba nikakunyima?"

Hakuja. Anajua kwa nini, nami najua.

Hamdan wa Pujini ndiye fundi wa kompyuta wa ushirika wetu wa pweza. Hakai huyu. Chai anakunywa kasimama, mguu mmoja nje. Kila chumba chetu cha barafu kina kompyuta ndogo. Baridi ikipungua inaandika, inapeleka kwenye seva, kompyuta kuu iliyopo mjini Chake, na seva inamshtua Hamdan kwa simu. Simu hiyo anaipapasa mfukoni hata akiongea na wewe.

Juzijuzi ofisi ilibadilisha mtandao, seva ikapata anwani nyengine ya IP. Akaiandika kwenye huduma ya kumbukumbu, programu inayopokea habari za vyumba kule Chake, akaiwasha upya, kisha akaenda Mkoani kuielekeza kompyuta ya huko. Huku Konde hakufika. Ufunguo wa Konde unakaa kwangu, na mama yangu alipofariki Hamdan hakuja kuzika, hakuja hitima, hata pole hakutuma. Atapigaje hodi nyumba ya wafiwa aombe ufunguo? Akasema kesho, na kesho akasema kesho. Kompyuta ya Konde ikawa inapeleka habari anwani ya zamani, isiyo na mtu. Simu kimya, naye akadhani kimya ni salama.

Asubuhi ile Laila, mmoja wa wavuvi wetu, akaleta pweza wake, tukakuta maji yanatoka chini ya mlango. Tukafungua, tukafunga upesi baridi isiishe, akampigia fundi.

Sasa nikampa Hamdan ufunguo, tukaenda sote watatu na Laila. Bamvua, siku za maji kupwa sana, ilikuwa imetoa vizuri, chumba kimejaa pweza wa wanawake wa Makangale.

"Fundi," Laila alimwambia akionesha pweza, "hizo ni sare za skuli za wanangu. Zikioza utawavisha weye."

Hamdan akaenda kwenye sanduku la umeme. Swichi kubwa ya mtambo wa baridi ilikuwa imeruka. Akairudisha, mtambo ukaanza kunguruma. Akachuchumaa kwenye kompyuta, akafuta anwani ya zamani, akaandika mpya, akaiwasha upya huduma ya kupeleka habari. Mfuko wake ukatetemeka. Konde imesema.

Laila alikuwa anafukua mapipa, ananusa mpaka chini. Wa juu wamelainika, wachache. "Waliobaki wazima," akasema, akakaa juu ya pipa kama aliyetuliwa mzigo.

Hamdan akanirudishia ufunguo nyumbani. Nilidhani atapanda pikipiki. Akavua viatu, akaingia, akakaa mkekani.

"Bi Mwanabaraka, pole kwa mama. Nilikuwa Unguja. Niliporudi nikaona siku zimepita, nikaona haya."

"Ungekuja na haya zako hizo hizo. Tungekupokea."

Tukamsomea mama Fatiha. Nikamwambia yamekwisha, nikamtilia chai. Simu ikamtetemeka tena: baridi inarudi. Akaisoma, akaiweka mkekani, akaomba kikombe cha pili.