Bei ya Kwenda Masara

Wiki jana nilisimama kwenye kaunta ya vifurushi, steji ya mabasi ya Migori, nikingoja katoni ya vitabu vya shule kutoka Nairobi. Mwenye duka mmoja alitaka mzigo wake wa misumari upelekwe Masara kwa baiskeli.

"Kumi na tano," akasema.

Wabebaji wanne wa baiskeli waliokuwa pale walitazamana. Asubuhi hiyo walikuwa wamekubaliana kwamba Masara haiendwi chini ya shilingi thelathini.

"Ooyo, bosi," mmoja akakataa. "Thelathini."

"Basi ishirini. Nani ana njaa?"

Mkubwa wao kwa umri, ambaye mkewe amelazwa hospitalini, akaushika mzigo. Mwenzake mmoja alipiga kengele ya baiskeli yake, akapiga tena. Yule mzee akauachilia, akafuta mikono kwenye suruali.

"Thelathini," akasema polepole.

Mwenye duka akatazama saa, akalipa.

Nilifurahi, nusura nipige makofi. Kisha katoni yangu ikafika, nikamwita yule wa kengele.

"Hadi shuleni ni ishirini, mwalimu. Hiyo pia tumepanga."

Nikausikia mdomo wangu ukijibu, "Kumi je?"