Nukta Niliyoiweka Juu ya Nyumba Yake

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima mawingu na upepo uwanja wa ndege, na nilipostaafu nikabaki na tabia ya kuangalia juu. Tabia hiyo ikazaa kazi ya pili, ambayo mke wangu hadi leo hapendi kuitaja mbele ya wageni. Nafuatilia taarifa za vitu vinavyoonekana angani na ambavyo aliyeviona hawezi kuvieleza. Hapa Igogo, Mwanza, wananiita mzee wa visahani. Wanadhani nawatafuta watu wa sayari nyingine, kumbe karibu kila taarifa niliyoletewa iliishia kwenye jambo la kawaida: taa za wavuvi wa dagaa zikiangaza wingu la chini, setilaiti zinazopita zikifuatana kama siafu, maputo yaliyoachiwa kwenye harusi. Mtu akiniambia ameona kitu, namuuliza saa na upande, kisha naenda mwenyewe na dira. Nilijivunia sana utaratibu huo.

Zilikuwepo taarifa chache ambazo sikuweza kuzifunga. Hizo ndizo nilizozipenda kuliko zote, na nadhani kosa lilianzia hapo.

Kiangazi kimoja alinipigia simu mwalimu wa shule ya msingi kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya ghuba. Alikuwa ameona mpira wa mwanga, rangi ya chungwa, ukishuka taratibu saa moja jioni hadi kwenye miti. Hakuwa peke yake. Muuguzi wa zahanati aliuona siku nyingine, na mchunga ng'ombe mmoja akauona akiwa lamboni akinywesha. Mashahidi watatu, sehemu tatu tofauti. Sikuwahi kupata bahati kama hiyo. Kesho yake asubuhi nilivuka.

Nilimsimamisha kila mmoja pale pale alipokuwa amesimama, nikamwambia anyooshe mkono kuelekea ulikokuwa mwanga, nikasoma dira. Kisha tukaenda ofisini kwa mwalimu, nikatandika ramani juu ya meza, nikachora mistari mitatu. Watu walikuwa wamejaa mlangoni na dirishani.

Mistari ile ilikuwa karibu sambamba. Mtu wa fani yangu anajua maana yake: mkono ukiyumba kidogo tu, mahali inapokutana panahama kilomita nzima. Nilipaswa kuchora duara kubwa la kumeza kijiji chote na kipande cha ziwa, na kusema sijui. Lakini nilikuwa na hamu. Niliweka nukta nyekundu, nikasema, "Ni hapa."

Mchunga ng'ombe aliinama akatazama. "Hapo ni kwa yule bibi," alisema.

Watu wakatazamana. Nilidhani wamevutiwa na hesabu zangu. Mwalimu akatoa simu, akapiga ramani picha.

Tulikwenda huko mchana ule ule, kundi zima nyuma yangu. Ilikuwa nyumba moja ya tofali za udongo ndani ya ua wa minyaa, na mama mmoja mjane aliyeishi peke yake, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kwa kuwa alikuwa akipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe badala ya kuni. Nilipoingia uani niligundua kwamba wenzangu wote wamebaki nje ya minyaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Mbona wengine hawaingii?"

Alinipa kigoda, akaleta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu, nikala huku nikimuuliza kama aliona mwanga wowote juu ya nyumba yake. Hakuona. Alisema akishafungia mbuzi jua likizama, hatoki tena. Nikaandika, "Shahidi wa karibu hakuona kitu," na kuweka alama ya kuuliza. Nilizunguka nyumba nikitafuta majani yaliyoungua. Watu wale nje ya ua walinitazama nikiinama, nikiokota udongo, nikiutia kwenye mfuko wa nailoni. Leo najua jinsi nilivyoonekana.

Wiki mbili baadaye mwalimu alinipigia tena. Safari hii alikuwa ananong'ona.

"Mzee, hali si nzuri huku. Mtoto wa jirani yake bibi amefariki kwa degedege. Watu wanasema ule mwanga ndio usafiri wake."

"Usafiri wa nani?"

"Wa bibi. Wanasema ni mchawi, na hata mtaalamu kutoka Mwanza alipima, akaonyesha nyumba."

Picha ya ramani yangu ilikuwa imezunguka kwenye kundi la wazazi kwenye simu. Aliyeirusha ni mwalimu mwenyewe, kwa furaha tu ya kutangaza mambo ya sayansi. Sasa mama yule alikuwa ameokota karatasi mlangoni: ahame, au atahamishwa. Kila mtu anayeishi pande zetu anajua karatasi ya namna hiyo huishia wapi.

Nilitoa faili, nikapiga hesabu upya, safari hii kwa uaminifu. Haikunichukua hata saa nzima. Mistari ilikuwa karibu sambamba kwa sababu watu wote watatu walinyooshea kitu kimoja kilicho mbali mno. Ilikuwa ni Zuhura, nyota ya jioni, inazama magharibi. Moshi wa mashamba yaliyochomwa uliipa rangi ya chungwa, na hewa ya joto ya ziwani iliifanya itikisike. Nimeshawaeleza watu wengi sana kuhusu Zuhura. Siku ile nilijiambia kwamba Zuhura haifiki kwenye miti, kwa kuwa sikutaka iwe Zuhura.

Nilivuka tena. Mtendaji wa kijiji, dada wa rika la binti yangu, alinikaribisha ofisini kwake kwa heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Aliniacha nieleze yote. Halafu akauliza, "Mzee, unajua kwamba ramli chonganishi ni kosa?"

"Hii si ramli, mwanangu. Ilikuwa dira na ramani."

"Mganga naye huja na vifaa vyake. Wewe ulikuja, ukauliza maswali, ukaonyesha nyumba ya mtu. Niambie tofauti niwaeleze watu hawa."

Aliitisha mkutano, nikasimama, nikaeleza habari za Zuhura. Walinisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja akauliza, "Sasa hiyo nyota, mwaka jana haikuwepo?" Nikasema ilikuwepo. "Na mtoto mwaka jana alikuwa mzima," alisema, akakaa chini.

Mtendaji alikuwa ameshamtoa yule mama alfajiri ya jana yake, akampeleka upande wetu wa Mwanza, Buhongwa, kwa binti wa mama huyo. Bila yeye ningekuwa naandika mambo mengine. Nilipita pale nyumbani kwa mama. Mlango ulikuwa umeng'olewa, minyaa imekatwa upande mmoja, na mbuzi hawakuwepo.

Nilimfuata Buhongwa. Binti yake, anayeuza vitambaa vya kushonea, alinionyesha chumba cha nyuma. Mama alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa aondoke. Nilimweleza kila kitu, bila kujitetea.

"Kwa hiyo ilikuwa nyota," alisema.

"Ilikuwa nyota, mama."

"Na wewe ulikuwa hujui?"

"Nilipaswa kujua."

"Kaburi la mume wangu liko pale nyuma ya nyumba. Nani atalifagia?"

Nilimwambia nitakwenda mimi. Nilikwenda mara mbili. Mara ya tatu nikakuta pamelimwa mihogo hadi juu ya kaburi, na mpwa wa mumewe akaniambia nisirudi.

Mama alifariki msimu wa mvua uliofuata. Binti alisema hakuwa na ugonjwa wa kutajika, aliacha tu kula. Alizikwa makaburi ya huku huku Buhongwa, mbali na mumewe. Mchungaji alipouliza kama kuna mtu ana neno, nilisimama. Yule binti alinijia taratibu, akanishika mkono.

"Baba, asante kwa kuja," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini usiseme kitu."

Nikakaa. Mvua ilianza kunyesha wakati wanafukia, na wanaume wakaharakisha na majembe.