Vijiko Viwili vya Mtori

Ndesanjo alikuwa na mwili uliotii kila alichouamuru, na hilo ndilo lililomponza.

Enzi zile za ruksa, bidhaa zikifurika madukani mpaka mtu hajui aanze na ipi, yeye alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi hapa Arusha mjini, na kwa mieleka chuo kizima hakikuwa na mwenzake. Mwalimu wao alikuwa Jitendra, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyerithi mchezo huo kwa babu yake. Jioni akishafunga duka aliwakalisha vijana sakafuni, miguu wameitanua, akawasukuma mgongo polepole hadi kifua kiguse chini. "Mwili mkavu huvunjika, kijana. Pumua! Nani amekufukuza?" Akimaliza huwapandisha mmoja mmoja kwenye mizani yake ya kupimia misumari.

Mizani hiyo ndiyo iliyomwambia Ndesanjo kwamba amezidi. Mashindano ya vyuo yalikuwa yamekaribia, na asipopungua angepangwa na majitu ya daraja la juu. Jitendra alimwambia apungue kidogo kidogo, aache mafuta, ale mboga kwa wingi. Wapi! Kijana ana haraka zake. Akavaa nailoni, juu yake masweta mawili, akawa anakimbia hadi Kisongo na kurudi jua la utosi. Maji anasukutua tu na kuyatema. Mashavu yakabonyea, koti lake la mitumba likabaki linamning'inia. Kwa mizani, safi kabisa. Kwa macho ya watu, balaa.

Maana miaka ile, jamani, kukonda hakukuwa jambo la mchezo. Ukimwi ulikuwa umepiga hodi kila ukoo, dawa hamna, na mtu akipungua shavu tu majirani wameshamzika kwa midomo. "Yule kakanyaga miwaya," wanasema, na habari imekwisha.

Na Ndesanjo alikuwa na mchumba. Anyesi, msichana mtani wa kutania hata msibani, binti wa Mzee Kaaya wa Nkoaranga. Alimpenda, tena sana. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni ikaangukia wiki ileile ya mashindano. Akapanda kilima cha Nkoaranga na mshenga wake, tumbo tupu. Mama yake Anyesi, Elizabeth, alikuwa jikoni tangu majogoo akipika mtori, ndizi na nyama vimepondwa vikalainika. Akajaza bakuli, akalitia mwenyewe mkononi mwa mkwe. Nyumba nzima ikamtazama.

"Nashukuru, mama. Nimeshiba."

Ameshiba! Mtu ambaye mifupa ya shingo unaihesabu! Anyesi akamwinamia, akamnong'oneza, "Kula basi hata vijiko viwili tu. Kwa ajili yangu."

"Siwezi. Kesho kutwa napimwa uzito."

Mtori ukapoa mezani. Mshenga alijitahidi kueleza kwamba kijana anajikondesha kwa makusudi, ili akapigane. Mzee Kaaya akacheka kicheko kisicho na raha. "Hata dume la kulimia hulishwa kwanza. Umeona wapi mtu akajinyima chakula ili apate nguvu?" Simlaumu. Alikuwa amezika wadogo zake wawili, na wote walianza hivyohivyo, kwa kusema wameshiba. Kesho yake ujumbe ukateremka mjini: binti bado mdogo, posa isubiri.

Anyesi akamfuata chuoni, anahema. "Twende hospitali tukapime damu, wote wawili. Baba akiona majibu hatakuwa na la kusema."

"Baada ya mashindano," Ndesanjo akamjibu. "Wakinitoa damu leo nitalegea."

Hivi jamani! Mke anakuja kwa miguu yake mwenyewe, wewe unamwambia asubiri! Haya, akaenda, akashinda, medali ikaning'inia shingoni. Akarudi akala mpaka mwili ukajaa, akapima damu, hana kitu. Akapanda tena Nkoaranga, shavu linang'aa. Akakuta Anyesi ameshachumbiwa na mfanyabiashara wa mjini, mtu mwenye gari na kitambi, na ndugu wote wanamsifu: huyu ndiye mzima, afya yake unaiona kwa macho. Ndesanjo aliteremka bila kuaga, akaingia katikati ya mibuni ya watu, akalia kama mtoto.

Hakuoa. Walimtania mpaka wakachoka wenyewe. Jitendra alipoishiwa nguvu, yeye ndiye aliyewashika vijana wa chuo. Huwanyoosha, huwapima, na akimwona mmoja anatema mate ili apungue, humtimua akale kwanza. "Uzito hautoki kwa siku moja, mjinga wewe! Nenda kale!"

Ndipo mchana mmoja Elizabeth, mama yake Anyesi, akatokea mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi, amejitanda khanga, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akatazama chini. "Anyesi yuko nyumbani. Mumewe tulimzika mwaka jana, ugonjwa ni uleule. Sasa na yeye amelala siku nyingi, miguu imekakamaa, hainyooki. Nikasikia wewe unanyoosha watu viungo."

Ndesanjo alichukua koti lake, wakaondoka.

Anyesi alikuwa amefunikwa blanketi, na blanketi lenyewe ungedhani halina mtu ndani. Moyo wa Ndesanjo ukapasuka, lakini mikono ikafanya kazi yake. Akalishika goti kwa viganja viwili, akalikunja, akalinyoosha, taratibu mno. "Pumua. Nani amekufukuza?" Anyesi akapumua. Akawa anapanda kila jioni baada ya mazoezi, na goti likaanza kusikia kidogo. Chakula ndicho kilichokataa.

Jioni moja mama akaleta mtori. Ndesanjo akalipokea bakuli, akapeleka kijiko mdomoni kwa mgonjwa.

"Kula basi. Hata vijiko viwili tu. Kwa ajili yangu."

Anyesi akamtazama, na ule utani wake wa zamani ukarudi machoni. "Siwezi," akasema, sauti haifiki hata mlangoni. "Kesho kutwa napimwa uzito."

Wakacheka wote wawili, kisha Ndesanjo akashindwa kuendelea. Machozi yakamtoka mbele ya Mzee Kaaya, aliyekuwa amekaa mlangoni na fimbo yake. Kijiko kilikuwa bado mkononi. Akala yeye. Akala cha pili, na cha tatu, Anyesi akimtazama, mpaka akafika chini ya bakuli.

Mama yake Anyesi akalipokea. "Nikuongeze, baba?"

"Niongeze, mama."