Mtungi wa Ruzuku na Shimo la Ndizi

Tangazo lilisema mitungi ya gesi yenye ruzuku itauzwa Rubwera kwa nusu bei, kila kaya mtungi mmoja, mtu aje na kitambulisho cha taifa. Mama hakulala vizuri wiki nzima. Macho yake yalikuwa yamechoshwa na moshi wa kuni, na alishaapa kuwa mwaka huu yatapumzika. Tukatoka Kimuli kwa bodaboda moja, mimi katikati, yeye nyuma ameshika kitambulisho mkononi kama vile kuna mtu atakipora njiani.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina maswali tu. Tulipofika mbele ya foleni nikamuuliza muuzaji, "Gesi ikiisha, kujaza nako kuna ruzuku?"

"Kujaza ni bei ya kawaida."

"Kwa hiyo mnatusaidia kununua chuma, moto tujitegemee?"

Foleni ikalipuka nyuma yangu. "We msomi, nyamaza! Sisi bado hatujapata!" "Mama, mtoe huyo mwanao, anahoji mpaka mvua itunyeshee!" Mama akanikanyaga mguu huku anamtabasamia muuzaji.

Nyumbani Baba aliuzunguka mtungi mara mbili, mikono mgongoni. "Hela yetu yote iko kwenye mibuni," akasema. "Mtungi ukifika siku ya kuuza kahawa, tutajaza. Ukiisha kabla, nauuza, mnarudi kwenye kuni."

"Utafika," Mama akajibu.

Siku ya pili tu tulikosea, kosa la watu wa kuni. Kwetu unabandika maharage, unasukuma magogo matatu, unaenda shambani. Moto unapungua wenyewe, ukirudi maharage yameiva. Basi Mama akawasha gesi, akabandika, tukaenda kupalilia kahawa. Gesi haijui kupungua. Harufu ilitufuata hadi shambani, na tulipofika jikoni sufuria ilikuwa na mkaa mtupu, moto wa bluu bado unacheza chini yake.

Mama akazima gesi. Halafu akatazama nyuma ya nyumba, kule Baba anakozika ndizi za pombe ziive.

"Ndizi zinaivaje kule shimoni?"

"Kwa joto, Mama."

"Nani anachochea?"

"Hakuna."

"Basi."

Nikaanza kumweleza kwamba kuivisha ndizi na kupika maharage ni mambo mawili tofauti kabisa, kwamba nyuzijoto hazilingani. Akanipa jembe. "Chimba huku unaeleza."

Nilichimba, nikaeleza, hakuna aliyesikiliza. Kesho yake asubuhi maharage yaliyolowekwa usiku kucha yalichemka dakika ishirini kwenye gesi, tukafunika sufuria, tukaishusha shimoni katikati ya majani makavu ya migomba, juu tukaweka majani mengine na blanketi kuukuu. Kila nusu saa nilikuwa pale.

"Nifunue kidogo tu?"

"Ukifunua unalitoa joto. Toka hapo!"

Alasiri tukafunua. Mvuke ukanipiga usoni. Mama akachukua punje moja, akaibonyeza kwa vidole viwili, ikapondeka kama siagi. Nilipiga kelele! Mimi, mwenye shahada, niliruka ruka kuzunguka shimo nikishangilia punje ya maharage, Mama akinipigia makofi. Tukatia ndizi, tukairudisha sufuria kwenye gesi kidogo tu, tukala. Baba aliongeza sahani ya pili bila kuuliza zimepikwaje.

Tangu siku hiyo nilikuwa nanyanyua mtungi kila jioni kuupima kwa mikono. Wiki zikaenda, lakini ukawa unapungua upesi kuliko upishi wetu. Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi nikitafuta panapovuja. Hapakuvuja popote.

Asubuhi moja niliwahi kuamka, nikaingia jikoni. Baba amevaa koti, amechutama mbele ya gesi, moto umewaka hadi mwisho, juu kuna chai.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Funga mlango, upepo unanizimia moto."

Mama alikuwa amefika nyuma yangu. "Tangu lini?"

"Tangu mlipounguza maharage. Nilikuwa najaribu kama bado unawaka."

"Kila siku?"

"Jaribio moja halitoshi. Muulize msomi wako."

Mama alicheka hadi akaegemea ukuta, mimi nikakaa chini kabisa.

Gesi iliisha kahawa yetu ikiwa bado imeanikwa uani. Ilikuwa asubuhi, na chai ya Baba ilikuwa bado haijachemka. Moto ukanywea, ukazimika. Mimi na yeye tukamwangalia Mama. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa anafuta macho yake kwa ncha ya khanga, taratibu.

"Haya," akasema. "Si ulisema? Uuze."

Baba aliangalia sufuria yake ya uvuguvugu, akamwangalia Mama. Akachukua panga, akaenda migombani, akarudi na mkungu wa ndizi za pombe begani, akafuata mwingine, na mwingine. Kisha akaita bodaboda ya kwenda Rubwera, akafunga mtungi mtupu kwenye kiti cha nyuma pamoja na mikungu.

"Na pombe yako?" Mama akamuuliza.

"Ndiyo itakayojaza mtungi. Mimi nitakunywa chai," akajibu, akamwambia dereva aende polepole.